Betri Iliyovimba: Chanzo Chake na Hatua za Kuchukua

Kinyozi mmoja alifika kwenye dawati letu la malalamiko akiwa na betri ndani ya kiroba. Ilikuwa betri kavu ya sola ya ampia-saa 100, yenye uzito wa karibu kilo 30, na alikuwa ameisafirisha kwa bodaboda. Alipoitoa, hapakuhitajika maelezo marefu. Kuta zake mbili zilikuwa zimetuna kama unga uliozidiwa na hamira, na mfuniko ulikuwa umeinuka upande mmoja. Hiyo ilikuwa betri yake ya pili kuharibika ndani ya mwaka mmoja.

Mkononi alishika risiti na kadi ya dhamana. Dai lake lilikuwa fupi: betri ni feki, duka limrudishie fedha zake. Muuzaji, alipopigiwa simu, naye alikuwa na jibu fupi: kadi inasema wazi kwamba betri iliyovimba haibadilishwi, maana kuvimba ni kosa la mtumiaji. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anamdhulumu. Ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza hadi siku ile ni swali moja tu: betri hiyo ilikuwa ikipelekewa volti ngapi?

Makala haya yanahusu swali hilo. Yanazungumzia betri za madini ya risasi na asidi, yaani zile za magari, pikipiki, bajaji, mifumo ya sola, inveta na UPS za kompyuta. Betri za simu na kompyuta mpakato ni za aina nyingine. Nazo huvimba, lakini kwa sababu tofauti na kwa hatari tofauti, hivyo maelekezo yaliyomo humu yasitumike kwazo.

Kilichomo ndani ya boksi

Betri ya risasi na asidi si chombo kipya. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika sana tangu wakati huo. Betri ya volti 12 ni vyumba sita vilivyounganishwa, kila kimoja kikitoa volti 2 na ushei. Katika kila chumba, au seli, mna mabamba ya madini ya risasi yaliyozamishwa ndani ya asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Unapotumia umeme, asidi huungana na mabamba na kuyafunika kwa salfeti ya risasi. Unapochaji, salfeti hiyo huyeyuka na asidi hurejea majini.

Kazi hiyo ya kurejesha ina mwisho wake. Betri ikishajaa, hakuna tena salfeti ya kutosha ya kufanyiwa kazi. Umeme unaoendelea kuingia huanza kuyavunja maji na kuyageuza kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Hapa ndipo betri za madukani hutofautiana.

Ile inayoitwa betri ya maji ina vizibo juu. Gesi hutoka kwa kupitia vitundu vya vizibo hivyo, kina cha maji hupungua, na mwenye betri huongeza maji maalumu ya betri. Ni kazi ya kuchosha, lakini gesi ina mlango wa kutokea.

Ile inayoitwa betri kavu si kavu hata kidogo, na jina hilo limewapotosha wengi. Asidi imo ndani, ila imenyonywa na pamba ya nyuzi za kioo au imegandishwa ikawa kama uji mzito. Betri hii imefungwa, wala haina pa kuongezea maji. Imeundwa ili oksijeni inayotoka kwenye bamba chanya ipenye hadi bamba hasi na kugeuka tena kuwa maji humo humo. Kila seli ina vali ndogo ya mpira, ambayo hufunguka tu pale shinikizo la gesi linapozidi kiwango. Ukichaji kwa kipimo, mzunguko huo huendelea kimya kimya kwa miaka. Ukizidisha, gesi huzalishwa kwa kasi kuliko uwezo wa bamba hasi kuipokea.

Joto huzaa mkondo, mkondo huzaa joto

Kuvimba kunahitaji mambo mawili yakutane: shinikizo kutoka ndani na plastiki iliyolainika. Gesi pekee haitoshi, kwa kuwa vali ingeitoa. Joto ndilo linalokamilisha kazi.

Oksijeni inapogeuka kuwa maji kwenye bamba hasi, hutoa joto. Betri inayochajiwa kupita kiasi kwa hiyo hupata joto kutoka ndani ya tumbo lake. Betri yenye joto, ikiwa volti ya chaji haikupunguzwa, huvuta mkondo mkubwa zaidi kuliko betri yenye ubaridi. Mkondo mkubwa huzalisha gesi zaidi na joto zaidi. Wakati huo huo vali zinafunguka na kutoa mvuke na gesi ambazo hazitarudi, hivyo pamba ya ndani inakauka. Pamba iliyokauka inaacha mianya, oksijeni inapita kwa wepesi zaidi, na joto linaongezeka tena. Mzunguko huu ukishashika kasi haujizuii wenyewe. Utasimama chaji itakapokatwa, au betri itakapokufa.

Kuta za plastiki zilizopashwa joto hulainika na kusukumwa nje na shinikizo ambalo vali bado zinalishikilia. Zikipoa, hukauka katika umbo lile lile jipya. Ndiyo maana betri iliyovimba haisinyai hata ikikaa mwezi mzima bila kazi. Ni maji yake yaliyopotea, siyo umbo tu, na betri kavu haina njia ya kawaida ya kurudishiwa maji hayo.

Zipo sababu nyingine, ingawa si za mara kwa mara kama hiyo. Ya kwanza ni seli moja kufa kwa kushikana ndani, yaani mabamba yake kugusana. Chaja haijui kwamba seli imekufa, hivyo huendelea kupeleka volti ileile. Hesabu yake ni rahisi: volti 14.4 zikigawanywa kwa seli sita, kila moja hupata 2.4, kiasi kinachostahimilika. Zikigawanywa kwa tano, kila moja hupata 2.88, na seli hizo tano nzima huchemka kwa sababu ya ugonjwa wa jirani yao. Jambo hilohilo hutokea betri mbili zinapounganishwa mfululizo kupata volti 24, moja ikiwa mpya na nyingine chakavu. Chakavu inapopoteza seli, mpya ndiyo inayobebeshwa ziada. Tumewahi kuona betri mpya imevimba na ile kuukuu iko sawa kwa macho, na mwenye nayo akaapa kwamba mpya ndiyo mbovu.

Ya pili ni umri. Mifupa ya bamba chanya huliwa na asidi polepole, na risasi inapogeuka kuwa oksidi huchukua nafasi kubwa zaidi. Bamba hurefuka, husukuma mfuniko na vichwa vya betri kuelekea juu. Uvimbe wa namna hii huonekana zaidi juu kuliko ubavuni, na kwa kawaida huja baada ya miaka kadhaa ya kazi. Huo ni uzee, wala si hujuma ya mtu.

Kwa betri za maji, kuvimba ni nadra, lakini hutokea vitundu vya vizibo vinapozibwa na vumbi, matope au grisi. Katika baadhi ya pikipiki kuna bomba dogo la kutolea gesi pembeni ya betri. Likibanwa na kiti au likizibwa na tope, gesi hukosa njia. Dereva wa bodaboda asiyewahi kuliona bomba hilo yupo, na si mmoja.

Paneli ya volti 12 isiyotoa volti 12

Turudi kwa kinyozi. Betri yake ilikuwa ikichajiwa na paneli ya wati 150 iliyoandikwa kwamba ni ya volti 12. Maandishi hayo hayadanganyi, lakini yanahitaji kufafanuliwa. Yana maana kwamba paneli inafaa kwa mfumo wa betri ya volti 12. Yenyewe, ikiwa kazini juani, hutoa volti 17 hadi 18, na ikiwa haijaunganishwa na kitu, hufika 21 au 22. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili hata siku ya mawingu iweze kuchaji. Kati yake na betri ni lazima kiwepo kidhibiti chaji, kile ambacho madukani huitwa chaji kontrola, kinachopunguza mkondo betri inapokaribia kujaa.

Kinyozi alikuwa nacho kidhibiti hicho, tena kizuri. Alipoulizwa kilipo, alisema kimetundikwa ukutani ila fundi alikiruka. Kisa chenyewe kinafaa kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu kila hatua yake ilikuwa na mantiki machoni pa aliyeichukua.

Banda lake lilikuwa na mashine mbili za kunyolea, runinga, redio yenye spika kubwa, feni na soketi za kuchajia simu za wateja. Kwa jumla vilikuwa vikila wati 150 hivi, kwa saa kumi kila siku. Hizo ni wati-saa 1,500. Paneli ya wati 150, katika siku yenye saa tano za jua kali, hutoa wati-saa 750, na hapo bado hujatoa kinachopotea njiani. Kila jioni betri ilikuwa ikikaushwa hadi chini kabisa na haikupata nafasi ya kujaa. Betri inayokaa bila kujaa hufanya salfeti ngumu kwenye mabamba, na uwezo wake hupungua. Basi ikawa kwamba kila asubuhi betri iliyopungua uwezo inaonekana kujaa ifikapo saa nne, taa ya kidhibiti inawaka kijani, na ifikapo jioni umeme hauna nguvu.

Fundi alipoitwa alitazama taa ya kijani na jua kali la nje, akahitimisha kwamba kidhibiti kinabania umeme. Akauunganisha waya wa paneli moja kwa moja kwenye betri. Kwa wiki chache mambo yalionekana kuwa mazuri, kwani banda lilitumia karibu kila kilichoingia. Kisha kinyozi akafiwa. Akafunga banda kwa siku tisa na kwenda kijijini. Hakuna mashine iliyokuwa ikitumia umeme, na kila siku kuanzia asubuhi hadi jioni paneli ilikuwa ikiisukuma betri iliyojaa, ndani ya kibanda cha bati kilichofungwa madirisha. Aliporudi aliikuta imevimba. Ofisa wetu alipounganisha betri nyingine kwa muda mfupi ili kupima mfumo ule adhuhuri, multimita ilionyesha karibu volti 16.

Kwa kulinganisha, betri kavu ya volti 12 hupaswa kuchajiwa kwa volti 14.4 hivi, kisha ikijaa ishikiliwe kwenye 13.5 hadi 13.8. Viwango halisi hutofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji, na mara nyingi vimechapwa ubavuni mwa betri. Ukiona zaidi ya volti 15 kwenye vichwa vya betri kavu, usisubiri maelezo ya fundi, kata chaji.

Wapo pia wenye vidhibiti na inveta nzuri zilizopangwa vibaya. Vifaa vingi huuliza ni betri ya aina gani, na mpangilio wa betri ya maji huwa na kipindi cha kuchemsha asidi kwa makusudi kwa volti za juu, ili kuichanganya. Kwa betri ya maji ni dawa, lakini kwa betri kavu ni sumu. Mpangilio huo hubadilishwa kwa kubonyeza kitufe kimoja, na unaweza kubadilika mtoto akichezea kifaa. Muombe fundi akuonyeshe kwenye kioo umewekwaje, kisha uandike kwenye karatasi na kuibandika karibu na kifaa.

Kwa magari na pikipiki, mwenye kosa huwa kidhibiti volti cha alteneta au cha pikipiki. Injini ikinguruma kwa kasi ya wastani, volti kwenye betri inatakiwa kuwa kati ya 13.8 na 14.5 au karibu na hapo. Balbu zinazoungua mara kwa mara na taa zinazong'aa kupita kawaida unapokanyaga mafuta ni dalili za mapema, na zina bei nafuu kuliko betri.

Mahali betri inapolala

Betri hizi zilipimwa kiwandani kwa joto la nyuzi 25. Kanuni inayokubalika na wengi ni kwamba kila ongezeko la nyuzi 8 hadi 10 juu ya hapo hupunguza maisha ya betri kwa nusu. Chini ya bati lisilo na dari, mchana wa Januari, nyuzi 40 si ajabu. Kwa joto hilo volti ya chaji inapaswa kushushwa kwa kati ya robo na nusu volti. Vidhibiti bora hufanya hivyo vyenyewe kwa kutumia kihisi joto. Vya bei ya chini vingi havifanyi, au vina kihisi ndani ya boksi lao ukutani huku betri ikiwa mbali, kabatini.

Iweke betri mahali penye kivuli na hewa inayopita, juu ya ubao au stuli imara, mbali na jiko na dirisha la magharibi. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya betri na betri. Usiifunike kwa kitambaa cha kufuma, hata kama sebule inapendeza zaidi hivyo. Tunalisema hili kwa sababu tunaliona mara nyingi. Usiiweke chumba cha kulala, wala chini ya kitanda.

Ukiikuta imevimba

Kwanza, itazame kabla ya kuigusa. Betri inayotoa mlio wa kupumua, iliyo moto kiasi kwamba joto lake linasikika bila kuigusa, au yenye harufu ya mayai yaliyooza, bado iko ndani ya ule mzunguko wa joto. Toa watu chumbani, fungua milango na madirisha, usiwashe kiberiti wala sigara wala kubonyeza swichi iliyo karibu nayo. Haidrojeni ikifikia asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche ndogo. Kata chaji ukiwa mbali nayo: kwenye swichi kuu ya inveta, kwenye plagi ya ukutani iliyo chumba kingine, au kwa kuifunika paneli kwa blanketi zito lisilopitisha mwanga. Kisha iache ipoe kwa saa kadhaa.

Ikishapoa, vaa glavu za mpira na kinga ya macho. Kwenye mfumo wa sola, ondoa kwanza waya za paneli kwenye kidhibiti, kisha vifaa vinavyotumia umeme, na betri iwe ya mwisho. Kuiondoa betri huku paneli ikiwa inaendelea kuzalisha kunaweza kuua kidhibiti. Kwenye betri yenyewe, fungua kichwa hasi kabla ya chanya. Vua pete na saa ya chuma. Spana ikigusa vichwa vyote viwili kwa pamoja huwa nyekundu kwa joto kabla hujaiachia.

Asidi ikikurukia ngozini, osha kwa maji mengi mara moja na uvue nguo iliyolowa. Ikiingia machoni, endelea kuosha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Iliyomwagika sakafuni inyunyizie magadi ya kupikia hadi iache kutoa povu, ndipo ufute.

Yapo mambo ambayo wenzetu hufanya kwa nia ya kuokoa fedha, na tunayakataza bila kulegeza. Usiitoboe betri ili itoe gesi. Usiibane kwa mbao au mawe irudi umbo. Usibandue mfuniko wa juu na kuongeza maji kwenye vali, hata kama umemwona mtu akifanya na betri ikawaka. Kuwaka kwa siku tatu si kupona. Usiichaji tena kujaribu. Na usimuuzie wala usimpe jirani akatumie kwenye taa mbili tu, kwa kuwa mabamba yaliyopinda ndani yanaweza kugusana wakati wowote.

Si kila mchepuko wa ukuta ni ugonjwa. Betri mpya iliyobanwa vizuri inaweza kuwa na ubavu uliotuna kidogo sana tangu kiwandani, na betri kavu iliyoishiwa chaji inaweza hata kubonyea ndani kwa sababu ya hewa iliyopungua. Weka rula au ubao ulionyooka ubavuni siku unayoinunua, upige picha. Picha hiyo itakusaidia miezi sita baadaye, utakapokuwa huna uhakika kama macho yako yanakudanganya.

Kabla ya kununua nyingine

Betri mpya ikifungwa kwenye mfumo ulioiua ya zamani, nayo itavimba. Kinyozi wetu alikuwa amekwisha kununua mbili kwa namna hiyo, na siku aliyokuja kwetu alikuwa tayari ameulizia bei ya ya tatu.

Mwombe fundi apime mbele yako, kwa multimita, volti kwenye vichwa vya betri na si kwenye kioo cha kifaa. Pima saa ya jua kali au saa chaja ya umeme wa kawaida imekwisha kukaa kwa muda, betri ikiwa imejaa na vifaa vimezimwa. Andika namba. Kisha linganisha mkondo wa chaja na ukubwa wa betri: kwa betri kavu ya ampia-saa 100, ampia 10 hadi 20 zinatosha, na ile ndogo ya UPS ya ampia-saa 7 haitakiwi kupewa chaja ya gari. Iwapo betri zako ni zaidi ya moja, pima kila moja peke yake baada ya kupumzika saa chache. Iliyojaa na nzima husoma volti 12.7 au zaidi kidogo. Inayobaki karibu na volti 10 na nusu baada ya kuchajiwa ina seli iliyokufa, na hiyo ndiyo ya kuondolewa hata kama haijavimba. Betri zilizounganishwa pamoja zibadilishwe pamoja, za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja.

Dukani, angalia tarehe ya kutengenezwa. Betri ya risasi iliyokaa stoo zaidi ya miezi sita bila kuchajiwa imeanza kufanya salfeti kabla hujailipia. Pima volti kabla ya kutoka. Chukua risiti ya EFD na kadi ya dhamana iliyojazwa tarehe na namba ya betri, maana bila namba hiyo dhamana ni karatasi.

Juu ya dhamana yenyewe

Sharti kwamba betri iliyovimba haibadilishwi lipo kwenye kadi nyingi, na kwa sehemu kubwa lina msingi, kwa kuwa kuvimba mara nyingi hutokana na chaji na si kiwanda. Lakini halimalizi mjadala. Muuzaji aliyeuza mfumo mzima, akampeleka fundi wake na kupokea malipo ya kufunga, hawezi kusema kwamba chaji ni jambo la mteja peke yake. Aliyemwambia mteja kwamba kidhibiti si lazima, ili bei ishuke, amempotosha, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Vivyo hivyo betri ikivimba siku chache tu baada ya kufungwa kwenye mfumo uliopimwa na kukutwa sawa, mzigo wa maelezo unahamia kwa muuzaji.

Hivyo unapoleta lalamiko, usilete betri peke yake. Leta vipimo vya volti vilivyoandikwa tarehe, picha ya jinsi waya zilivyofungwa kabla hujazigusa, aina ya kidhibiti na paneli, na jina la aliyefunga. Picha ya waya ndiyo inayokosekana mara nyingi, kwa kuwa watu hufungua kila kitu kwa hasira ndipo wanakuja.

Katika shauri la kinyozi, fundi aliyeruka kidhibiti alikuwa ametumwa na duka lile lile. Muuzaji alipooneshwa vipimo alikubali kurudisha kidhibiti mahali pake kwa gharama yake, na kuuza betri mpya kwa nusu ya bei. Kinyozi alitaka fedha zote na hakuzipata, kwa sababu matumizi ya banda lake yalikuwa mara mbili ya uwezo wa mfumo, jambo ambalo alikuwa ameambiwa siku ya kununua. Aliongeza paneli ya pili, akaondoa feni. Hakuondoka akiwa amefurahi, lakini betri yake ya tatu bado ina kuta zilizonyooka.

Betri chakavu iende wapi

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri hii ni madini ya risasi, ambayo yana soko. Kwa sababu hiyo betri iliyovimba haikosi mnunuzi, na hapo pana hatari ya mwisho. Wapo wanaoivunja kwa nyundo uani, wakamwaga asidi mtaroni na kuyeyusha risasi kwenye sufuria ili kutengeneza chubwi za nyavu au kuuza vipande. Vumbi na moshi wake hubaki kwenye udongo ambao watoto wanauchezea. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi hiyo iliendelea katika ngazi za rufaa kwa miaka iliyofuata.

Betri chakavu huhesabiwa miongoni mwa taka hatarishi. Muulize muuzaji wako kama anapokea betri ya zamani na kukupunguzia bei ya mpya. Wengi hufanya hivyo, ingawa hawatangazi. Asipopokea, tafuta mkusanyaji mwenye kibali na umwombe akuonyeshe. Wakati wa kusubiri, isimamishe wima ndani ya beseni la plastiki, funika vichwa vyake kwa tepu, na uiweke mahali pa kivuli pasipofikiwa na watoto. Ukiisafirisha, iwe imesimama vilevile. Kiroba nyuma ya bodaboda, kama alivyofanya kinyozi, hakifai: asidi ilikuwa imevuja na kula kitambaa cha suruali yake, naye hakujua mpaka alipoketi kwenye kiti chetu.